Nani Ana Fuwele, Nani Ana Mashine

Mjini Tsukuba, kaskazini-mashariki mwa Tokyo, kuna wanasayansi wawili ambao majina yao huandamana kama kurwa na doto: Takashi Taniguchi na Kenji Watanabe. Ni watafiti wa NIMS, taasisi ya taifa ya Japani inayochunguza materiali, yaani metali, kauri, plastiki, fuwele na kila kitu ambacho binadamu hutengenezea vitu vyake. Chukua makala nzito za miaka ya karibuni kuhusu grafini, lile tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, uangalie orodha za waandishi. Mara kwa mara utawakuta, mmoja akimfuata mwenziwe, katikati ya majina ya watu wa Marekani, Ulaya au Israeli ambao wengi wao hawakukaa nao maabara moja.

Kinachowaunganisha ni fuwele. Wawili hao hutengeneza fuwele za boroni naitraidi zilizo safi mno, kwa shinikizo linalozidi la hewa mara makumi ya maelfu na joto la nyuzi 1,500 hivi. Mwanzoni hawakuwa na habari na grafini. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mwanga wa urujuanimno, na mwaka 2004 walitangaza kwamba fuwele zao zinautoa. Mwaka 2010 kikundi cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kikaonyesha kwamba grafini ikilazwa juu ya fuwele hizo elektroni husafiri kwa urahisi zaidi kuliko ikilazwa juu ya oksidi ya silikoni, ambayo uso wake si laini na una chaji zinazozisumbua. Tangu hapo maombi yakamiminika Tsukuba. Mwaka 2018 watafiti wa MIT walitangaza kwamba matabaka mawili ya grafini yakizungushwa hadi yapishane kwa digrii 1.1 tu, na kupozwa sana, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Makala ile ina waandishi saba. Wawili kati yao ni Taniguchi na Watanabe.

Sasa tuwaweke kwenye ramani. Ramani ya watafiti huchorwa kwa kanuni nyepesi: kila mtafiti ni nukta, na watu wawili wakiandika makala pamoja, mstari unavutwa kati ya nukta zao. Mwaka 2001 mwanafizikia Mark Newman alichora ramani za aina hii kutoka hifadhi kubwa za makala. Kwa wanafizikia waliokuwa wakiweka kazi zao kwenye hifadhi ya Los Alamos, alikuta kwamba kutoka mtafiti mmoja hadi mwingine ilikuwa wastani wa hatua sita hivi.

Sita zinatia moyo, lakini angalia hesabu iliyo chini yake. Makala ya watu watatu huzaa mistari mitatu. Ya watu kumi huzaa 45, na ya watu 100 huzaa 4,950. Mtu aliyeandikwa mara moja tu kwenye makala ya watu 100 ataonekana ana marafiki wengi kuliko bingwa aliyefanya kazi na watu kumi kwa miaka ishirini. Newman aliliona hilo, akapunguza uzito wa kila mstari kadiri orodha ya waandishi inavyorefuka. Michoro mingi ya rangirangi inayosambazwa leo haielezi kama imefanya hivyo, kwa hiyo kabla ya kushangilia nukta kubwa, yenye mistari mingi, uliza imehesabiwaje.

Katika sayansi ya materiali kuna tatizo la pili, nalo kwangu ndilo kubwa. Mstari hausemi ni kitu gani kimepita kati ya watu wawili. Huenda walibishana usiku kucha juu ya nadharia. Huenda mmoja alimtumia mwenzake fuwele ya milimita moja kwa posta, basi. Wapo wanaonung'unika kwamba mtengeneza sampuli hastahili kuitwa mwandishi. Sikubaliani nao, maana bila sampuli hakuna kipimo. Lakini anayetafuta mshirika lazima atofautishe mistari hiyo, na habari hiyo haiko kwenye mchoro. Iko mwishoni mwa makala, kwenye aya fupi inayosema nani alikuza fuwele, nani alipima na nani alikokotoa, na kwenye shukrani, ambako hutajwa mafundi na maabara zilizotoa muda wa mashine. Aya hizo wengi huziruka. Mimi huanza kusoma hapo.

Kisha jiulize unakosa nini hasa. Dan Shechtman, aliyeona mwaka 1982 aloi ya alumini na manganizi ikionyesha mpangilio wa atomu ambao vitabu vilisema hauwezekani, hakukosa hadubini ya elektroni. Alikosa maelezo yatakayowafanya wengine waamini. Mwenzake Ilan Blech alimsaidia kupata kielelezo cha muundo, kisha wakaingia John Cahn na Mfaransa Denis Gratias, mjuzi wa hisabati ya fuwele. Makala yao wanne ilitoka mwaka 1984, na Nobeli ikamfikia Shechtman mwaka 2011. Angetafuta mshirika mwenye hadubini nzuri zaidi, angepoteza muda.

Kuchora ramani yako mwenyewe hakuhitaji fedha. OpenAlex, hifadhi ya taarifa za makala iliyoanza mwaka 2022, ni ya bure, na programu ya VOSviewer ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, itageuza orodha kuwa mchoro. Kazi ngumu ni majina. Mohamed Ali Juma leo ni Juma M.A., kesho ni Ali Juma M., na kompyuta inamhesabu kuwa watu wawili. Nao akina Juma M.A. watatu wa vyuo vitatu wanaunganishwa kuwa mtu mmoja hodari ajabu. Majina ya Kichina yakiandikwa kwa herufi za Kilatini yana shida hiyo hiyo. Namba ya ORCID, yenye tarakimu 16, ilianzishwa mwaka 2012 kuliondoa tatizo hili. Mtafiti kijana asiye nayo aichukue leo, ni bure pia.

Ukichora Afrika Mashariki, mara nyingi utaona mistari minene ikielekea Ulaya na Marekani, na myembamba kati ya majirani. Sababu ni fedha na mashine. Ndiyo maana napenda juhudi zilizoanza na kitu kisichohitaji mashine ya gharama: ukokotoaji. Shule ya ASESMA, inayofundisha Waafrika kukokotoa tabia za elektroni katika materiali, ilifanyika Cape Town mwaka 2010 na Eldoret mwaka 2012. Programu kama Quantum ESPRESSO ni ya bure, na mwanafunzi wa Kenya na wa Ethiopia wanaweza kugawana kazi bila kuvusha hata gramu moja mpakani. Kigali nako kuna taasisi ya fizikia ya EAIFR, iliyoanza mwaka 2018 kwa kushirikiana na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia.

Sisi pia tuna vya kuweka mezani. Kaolini ya Pugu na grafaiti ya Mahenge, nchini Tanzania, haziko kwenye kila maabara duniani, na mtu aliyeichambua grafaiti hiyo kwa makini ana neno la kumwambia mgeni.

Barua ya kumwomba mtu ushirikiano iwe fupi. Usimwandikie profesa mwenye nukta kubwa kuliko zote. Mtafute mwanafunzi wa uzamivu aliyetajwa kuwa ndiye aliyepima, maana yeye ndiye anayeijua mashine na siku inapokuwa haina kazi. Mweleze una sampuli gani, umekwisha kuipima kwa njia zipi, ukaona nini, na ni kipimo kipi kimoja unachokiomba. Ambatisha mchoro wa eksirei wa sampuli hiyo. Muulize anahitaji miligramu ngapi, na kama msimamizi wake angependa kuandikiwa kwanza. Akikubali, andikianeni kabla ya sampuli kuondoka nani atakuwa mwandishi, nani atashukuriwa, na mabaki ya sampuli yatarudi kwa nani.