Mtoto Asiyetulia: Dawa Hufanya Nini Ubongoni?

Mtoto asiyetulia, anayesahau alichotumwa na kudakia maneno ya wenzake, mara nyingi huchapwa kwa kuitwa mtukutu. Wengine husema amerogwa. Huenda ana tatizo la ubongo liitwalo ADHD. Fimbo hailiondoi.

Ubongo hupelekeana habari kwa kemikali. Mbili kati yake, dopamini na noradrenalini, huisaidia sehemu ya mbele ya ubongo kushika breki: kungoja, kusikiliza, kumaliza kazi. Dawa ya methilifenideti huzuia kemikali hizo zisirudi upesi ndani ya seli zilikotoka. Ndiyo maana dawa ya kuchangamsha humtuliza mtoto bila kumlaza. Daktari Charles Bradley wa Marekani aliandika ajabu hiyo mwaka 1937, alipotumia dawa ya jamii ya amfetamini.

Dawa haiponyi kabisa. Kidonge cha kawaida hufanya kazi saa nne hivi. Yaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, hivyo mtoto hupimwa uzito, urefu na shinikizo la damu.

Wazazi wa Babati, mpelekeni mtoto hospitali kwanza. Apimwe macho, masikio na kifafa. Dawa aamue daktari. Msimpe ya mtoto mwingine, wala mirungi. Shuleni mwombeni mwalimu amkalishe mbele na kumwagiza jambo moja moja.