Jicho Bichi na Maji ya Udhu

Baada ya kutibiwa macho kwa miale ya leza, nilipumzika Ruiru kwa binti yangu. Daktari aliniasa: kwa wiki moja maji yasiingie machoni, wala nisiyafikiche, kwani utando wa mbele ya jicho ungali kidonda. Alfajiri, mkono ukaenda kwenye birika kwa mazoea; binti akaushika.

"Baba, si wewe uliyetufunza habari za yule aliyejeruhiwa kichwani zama za Mtume (s.a.w.), akaambiwa hana budi aoge, akafa?"

Niliona haya. Nikaosha palipo salama, na kwa sehemu ya jicho nikatayamamu, kama wafundishavyo wanazuoni wa Kishafi.

Ijumaa ya pili mkwe alinipeleka Thika kuswali. Saa ya ukutani niliisoma bila miwani. Ndugu zangu, ruhusa ya Mola ni sadaka, tuipokee.