Vifaranga wa Kambale katika Tangi Jipya: Afya ya Samaki na Afya ya Kaya

Kaya nyingi zinazoanza kufuga samaki nyumbani hukutana na tatizo moja. Tangi la saruji limekamilika, maji yanaonekana safi, na vifaranga wa kambale wamefika wakiwa wachangamfu. Lakini kabla ya wiki ya pili kwisha, wanaelea wakiwa wamekufa. Mfugaji hudhani kwamba ni ugonjwa, akakimbilia duka la dawa kununua vidonge vya binadamu. Makala haya yanaeleza chanzo cha vifo hivyo na namna ya kuvizuia. Aidha, yanaonesha jinsi tangi la samaki linavyogusa afya ya watu katika maeneo kama Migato, mkoani Simiyu, ambako watu hutegemea visima na malambo, na pamba ni zao kuu la biashara.

Chanzo cha vifo

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Mabaki ya chakula yanayooza nayo hutoa amonia. Kemikali hii huunguza matamvua, na ukali wake huongezeka maji yanapokuwa ya moto au yenye ualkali mwingi. Katika bwawa lililokomaa, kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa naitraiti, na kundi la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake kwa samaki ni madogo sana. Bakteria hao huishi juu ya kuta, mawe na mchanga, na huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 ili wawe wengi wa kutosha. Tangi jipya halina bakteria hao, hata kama maji yake yanang'aa. Kanuni hii haina ubaguzi: humhusu kambale wa Simiyu sawasawa na aksolotli, yule amfibia wa Mexico anayefugwa katika matangi ya kioo.

Naitraiti nayo ni sumu. Huingia katika damu na kuibadili himoglobini isiweze kubeba oksijeni, na damu ya samaki huwa na rangi ya kahawia. Wahudumu wa afya wanalifahamu jambo hili kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima chenye naitreti nyingi: midomo na kucha zake hugeuka rangi ya samawati. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kwa hiyo, maji machafu ya tangi yamwagwe katika bustani, mbali na kisima.

Maandalizi ya tangi

Saruji mpya hutoa chokaa inayoongeza ualkali wa maji. Tangi lijazwe maji, likae siku kadhaa, limwagwe, na kazi hiyo irudiwe mara kadhaa kabla ya kuleta samaki.

Maji ya lambo yachujwe kwa kitambaa ili kuzuia konokono na mayai yao, kisha yahifadhiwe katika chombo safi kwa saa 48. Muda huo una faida mbili. Kwanza, viluwiluwi vya kichocho vilivyokwisha kutoka kwa konokono hufa, maana haviishi muda mrefu bila kumpata binadamu. Pili, kama maji yametiwa klorini, sehemu kubwa ya klorini hupotea hewani chombo kikiachwa wazi. Klorini inayotufaa sisi katika maji ya kunywa huwaua samaki, na pia bakteria wanaohitajika.

Baada ya hapo, tia chakula kidogo cha samaki kila siku katika tangi lisilo na samaki, ili amonia yake iwalishe bakteria. Mawe au mchanga kutoka tangi safi la mzalishaji wa vifaranga huharakisha kazi hii. Usichukue tope la lambo, kwani laweza kuleta konokono wa kichocho. Vipimo vya rangi vikionesha kwamba amonia na naitraiti zimetoweka na naitreti imeanza kuonekana, tangi liko tayari. Asiye na vipimo aanze na vifaranga wachache, abadilishe robo ya maji mara kwa mara, na aongeze wengine baada ya wiki kadhaa.

Wakati wote huo tangi lifunikwe, la sivyo litakuwa mazalia ya mbu na hatari kwa watoto wadogo. Hata hivyo, lisifunikwe kwa chandarua chenye dawa. Viuatilifu vya chandarua ni sumu kali kwa samaki, hata kwa kiasi kidogo. Vivyo hivyo kwa bomba la kupulizia pamba: lisioshwe karibu na tangi, wala ndoo iliyochanganyiwa dawa ya pamba isitumike kutekea maji ya samaki.

Wiki za kwanza za vifaranga

Mfuko wa vifaranga uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 30 ili joto lilingane, kisha maji ya tangi yaongezwe humo kidogo kidogo. Lisha mara kadhaa kwa siku, kiasi kinachomalizika ndani ya dakika chache, na uondoe mabaki. Kambale wakubwa huwala wadogo. Kwa hiyo vifaranga wapangwe kwa ukubwa mara kwa mara.

Kambale hupanda juu kuvuta hewa na kushuka. Hilo ni jambo la kawaida kwake. Dalili za hatari ni kukataa chakula, kulegea, matamvua yaliyovimba, na wengi kukaa juu bila kushuka. Hatua ya kwanza ni kuacha kulisha na kubadilisha robo hadi theluthi ya maji. Iwapo naitraiti imepanda, gramu 1 ya chumvi ya mezani kwa kila lita ya maji hupunguza kuingia kwake katika damu kupitia matamvua.

Amoksilini na tetrasaikilini zisitiwe katika tangi. Dawa hizi zaweza kuua bakteria wanaosafisha maji, amonia ikapanda, na samaki wakazidi kufa. Baya zaidi, hujenga usugu wa vimelea dhidi ya dawa zilezile tunazozihitaji kwa wagonjwa wetu. Tatizo likiendelea, muulize afisa uvuvi wa halmashauri.

Kwa mgonjwa na mhudumu wa afya

Mwiba wa kambale hutoboa mkono kwa urahisi. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, na mgonjwa aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Uvimbe na wekundu unaoenea haraka ni sababu ya kwenda kituoni siku hiyohiyo, hasa kwa mwenye kisukari, ugonjwa wa ini au upungufu wa kinga.

Kuna pia bakteria wa majini, wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu, wanaosababisha vinundu au vidonda vya mkononi visivyopona kwa wiki nyingi. Viuavijasumu vya kawaida mara nyingi havisaidii, na tiba yake huchukua miezi. Mgonjwa aseme kwamba anafuga samaki. Mhudumu naye aulize. Bila swali hilo, utambuzi huchelewa.

Mwisho, mtoto anayekojoa damu apelekwe kituo cha afya. Kichocho kinatibika kwa dawa ya prazikwanteli, lakini dawa hiyo haizuii maambukizi mapya iwapo mtoto anarudi kuchota maji katika lambo lilelile lenye konokono. Choo kinachotumika na kila mmoja wa kaya, tangi lisilo na magugu, na konokono wanaookotwa kwa mkono uliovaa glavu ni sehemu ya tiba hiyo.