Madini Yanayokunywa Hewa

Habari ninayotaka kuwaeleza leo, wasikilizaji, ni ya madini yanayokunywa hewa kama mchanga unavyokunywa maji. Mtu aliyepata kuwaona mafundi wa pwani wakiimwagia maji chokaa mbichi iliyotoka tanuuni ameiona nusu ya habari hii tayari. Chokaa hunywa maji, nayo hupata moto hata ikafoka mvuke, ingawa hapana kuni chini yake. Na ukitaka kuyatoa maji yale, huna budi kuirudisha motoni. Joto lililotoka wakati wa kunywa hudaiwa wakati wa kutapika.

Mwaka 1866 Thomas Graham, Mskoti aliyekuwa mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Serikali huko London, alionyesha ya kwamba paladiamu, madini meupe jamaa ya platini, hunywa haidrojeni mara mia kadhaa ya ujazo wake. Haidrojeni ni hewa nyepesi kuliko zote, nayo huwaka upesi mno. Mwaka 1937 chombo cha angani Hindenburg, kilichojazwa hewa hiyo, kiliteketea huko Lakehurst, Marekani, wakafa watu 36. Basi kuifunga ndani ya kipande cha madini si jambo dogo.

Hufungwaje? Atomu za haidrojeni huenda mbili mbili. Zikigusa uso wa madini huachana, kila moja ikajipenyeza katika nafasi zilizo kati ya atomu za madini. (Waya wa paladiamu hurefuka kwa shibe hiyo!) Nje zilikuwa huru kukimbia kila upande, humu zimefungwa, na kifungo hicho hakiwezekani pasipo joto kutoka na kuenea nje. Uhuru unaopotea ni karibu sawasawa katika madini yote, kwa kuwa hewa ni ile ile. Lakini joto linalotoka hutofautiana sana, nalo ndilo linaloamua kama madini yatakuwa mtunzaji mwema au bahili.

Magnesiamu ni bahili: hairudishi hewa mpaka ipashwe moto karibu digrii 300 za sentigredi. Lanthanamu, mojawapo ya madini yaitwayo adimu, hutaka zaidi ya 1,000. Nikeli nayo hukataa kunywa isipokuwa kwa kusukumwa kwa nguvu nyingi mno. Lakini mwaka 1970 wataalamu wa Philips huko Eindhoven, Uholanzi, walitangaza habari za mchanganyiko wa atomu moja ya lanthanamu, yule bahili, na tano za nikeli, yule mkaidi. Mchanganyiko huo hunywa na kutoa haidrojeni katika joto la chumbani, kwa msukumo usiozidi sana ule wa hewa inayotuzunguka.

Tena mna salama ndani yake. Mtungi ukipasuka, haidrojeni ya kwanza kutoka huchukua joto la madini. Madini hupoa, na kadiri yanavyopoa ndivyo yanavyozidi kuishika iliyobaki. Naye ajazaye mtungi kwa pupa, asiupoze kwa maji, huona madini yamepata moto na kukataa kunywa.

Aibu yake ni uzito. Kilo 100 za mchanganyiko huo hushika haidrojeni isiyofika kilo moja na nusu, mzigo usiofaa kwa motokaa. Hata hivyo madini ya jamaa hii yaliingia motokaani kwa mlango mwingine: katika betri za Toyota Prius ya mwaka 1997, haidrojeni iliingia ndani ya madini kila betri ilipotiwa umeme, ikatoka kila umeme ulipotumiwa.