Kalando: Daraja la wachimbaji lilivyoelemewa

KOLWEZI. Lilikuwa daraja la kubahatisha tu, juu ya handaki lililofurika maji katika mgodi wa Kalando, kilomita 42 hivi kutoka Kolwezi. Jumamosi, Novemba 15, 2025, liliporomoka wachimbaji wadogo wakilikimbilia. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Lualaba, Roy Kaumba Mayonde, alisema waliokufa ni watu 32 kwa uchache.

Kwa maelezo yake, kuingia mgodini kulikuwa kumepigwa marufuku kutokana na mvua na hatari ya maporomoko, lakini watu waliingia kwa nguvu. SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo, ilisema milio ya risasi kutoka kwa wanajeshi ndiyo iliyozua taharuki. Watetezi wa haki za binadamu walidai uchunguzi huru.

Hata bila risasi, hesabu ya daraja la namna hiyo inatisha. Chukua daraja lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 1. Watu wanne wakisimama katika kila mita ya mraba, ni watu 40, karibu tani 3, kabla ya kuongeza viroba vya mawe. Na umati unaokimbia husukuma pia kwa ubavu. Mbao zikiwa imara, misumari na kamba huachia.

Mafundi hufunga mihimili ya mshazari, huweka vizuizi pembeni na mtu wa kuhesabu wanaovuka. Njia ya pili ya kutokea ni muhimu vilevile. Mvua za Lualaba huendelea hadi Aprili.