Kubadilishana Gari na Shemeji: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kupeana Funguo

Shemeji yangu anayeishi Kakamega alinipigia simu siku chache baada ya Idi. “Shemeji,” akaniambia, “wewe una Probox na unataka gari la watu. Mimi nina Noah na nataka gari la mizigo. Tunahangaikia nini?” Nikacheka, nikamwambia ni kweli, na kabla ya simu kukatika tulikuwa kama watu waliokwisha kukubaliana.

Hesabu ilionekana nyepesi. Mamangu huenda kliniki mara mbili kwa mwezi, goti lake moja halikunjiki, na kumwingiza kiti cha nyuma cha Probox ni kazi ya watu wawili. Noah ina mlango wa kuvuta na nafasi ya familia nzima. Yeye shemeji watoto wake wakubwa wako shule za bweni, na kila Jumamosi hutoka Lurambi, mjini Kakamega, kwenda shamba la kwao upande wa Mumias kuchukua mahindi na kuku na kupeleka mbolea. Noah ameijaza magunia mpaka viti vya nyuma vimechanika.

Kwetu Pwani jambo kama hili huitwa la nyumbani, na la nyumbani haliandikwi. Ami zangu wawili, mimi nikiwa darasa la saba, walibadilishana pikapu na saluni kwa neno la mdomo. Injini ya pikapu ikafa mwezi wa pili. Hawakuzungumza tena mpaka mazishi ya nyanya yetu, na hata hapo walipeana mkono kwa kuwa watu walikuwa wanawatazama. Nikamwambia shemeji anipe muda, nijue ninachokifanya. Niliyoyajua nayaandika hapa kwa sababu najua si mimi peke yangu. Magari haya ya mtumba yameingia kila nyumba, na pesa taslimu hazipo, kwa hivyo watu wanabadilishana.

Nianze na langu. Kwa miaka mitatu Probox ile ilibeba samaki kutoka Gazi hadi mjini. Masanduku yalifungwa vizuri, lakini barafu huyeyuka, na maji ya samaki yana chumvi. Ukiinua zulia la nyuma utaona kutu imekula sakafu, na sehemu moja karibu na tairi la akiba unaona lami. Nilikuwa naijua. Sasa, fundi wa Kakamega akiletewa gari atatazama shokomzoba, bushi na springi, maana huko mvua hunyesha karibu kila alasiri na njia za mashambani ni matope na mashimo. Kutu ya bahari si ugonjwa wa kwao. Hangeinua zulia. Siku mbili tatu nilijiambia kwamba shemeji ni mtu mzima, na mwenye macho haambiwi tazama.

Ustadhi mmoja wa mtaani nilimwendea kwa swali jingine kabisa. Nilitaka kujua kama kubadilishana gari kwa gari, mmoja akiongeza pesa, kuna riba ndani yake. Akanieleza kwamba riba ya kubadilishana vitu inayotajwa katika hadithi ni ya dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi, na kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi hukumu hiyo huenda kwenye fedha na vyakula. Gari si katika hivyo. Probox na shilingi kadhaa juu yake kwa Noah ni biashara halali. Ila akanitahadharisha na jambo ambalo sikulitarajia: nisiseme “nakuuzia langu kwa sharti uniuzie lako.” Imamu Shafi alilihesabu hilo kuwa ni bei mbili ndani ya bei moja, na hilo limekatazwa. Iwe ni mkataba mmoja wa kubadilishana, wazi, na nyongeza yake inajulikana.

Nikadhani nimemaliza. Nikiwa navaa viatu akaniuliza, “Na aibu ya gari lako umemwambia?” Sikuwa nimemtajia aibu yoyote. Akanikumbusha hadithi mashuhuri kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha baraka yake hufutwa. Mwenye kupata kitu chenye aibu iliyofichwa ana haki ya kukirudisha. Kwa mtu wa kando unarudishiwa gari tu. Kwa shemeji, gari linarudi na dada yuko katikati.

Usiku huo nikapiga picha sakafu ile, zulia limeinuliwa na taa ya simu imewashwa, nikamtumia. Alinijibu baada ya saa nzima: “Ahsante. Na yangu inagonga mbele kushoto.”

Makaratasi ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Logibuku yenye jina la mtu ndiyo inayomfanya machoni pa sheria ahesabiwe mwenye gari. Sheria ya Trafiki, sura ya 403, inasema katika kifungu cha 8 kwamba aliyesajiliwa huchukuliwa kuwa ndiye mwenyewe mpaka ithibitike vingine. Maana yake, shemeji akimgonga mtu na Probox iliyo bado kwa jina langu, barua ya wakili inanijia mimi Mombasa, na kazi ya kuthibitisha kwamba tulibadilishana ni yangu. Kifungu cha 9 kinataka gari lililohamishwa lisiendeshwe barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mwenyewe mpya kusajiliwa. Nawajua watu wanaoendesha magari ya mashemeji kwa mwaka wa sita sasa.

Kuhamisha jina siku hizi hufanyika mtandaoni, kwa akaunti ya eCitizen na huduma za NTSA. Anayetoa gari ndiye anayeanza kwa akaunti yake, kisha anayepokea anakubali kwa akaunti yake mwenyewe. Kila mmoja anahitaji namba yake ya PIN ya KRA, na ada hupangwa kulingana na ukubwa wa injini. Ukibadilishana, kumbuka ni uhamisho mara mbili na ada mara mbili, moja kwa injini ya 1500 na moja kwa ya 2000. Mkubaliane mapema nani analipa nini, maana ni vijipesa vinavyoleta maneno.

Kabla ya hapo, fanya utafutaji wa rekodi ya gari, hata kama ni la mtoto wa mama yako. Kwa ada ndogo NTSA itakuonyesha jina la aliyesajiliwa, na namba ya chasisi na ya injini, uzilinganishe na zilizopigwa kwenye bodi. Ukiona jina la benki au sacco limeandikwa pamoja na la ndugu yako, gari hilo ni dhamana ya mkopo, na halihami mpaka mkopeshaji aliachilie. Tena tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake kwenye daftari la dhamana, ambalo nalo hutafutwa. Noah ilitoka safi. Jina la shemeji peke yake.

Bima nayo haifuati gari. Ni mkataba kati ya kampuni na mtu. Siku gari linapotoka mikononi mwako, stakabadhi yako haimlindi aliyelichukua, hata kama imebakiza miezi minane na imelipiwa. Na kama mimi, ulikuwa na bima ya gari la binafsi huku ukibeba samaki wa kuuza, nyamaza kimya na umshukuru Mungu kwamba hukupata ajali.

Kuhusu thamani, tulibishana kidogo. Mombasa ndiko magari yanakoshukia melini, na bei ya hapa na ya bara hazifanani, kila mmoja akavutia kwake. Tukakubaliana kila gari lipimwe kana kwamba linauzwa kwa mtu tusiyemjua, mahali pamoja, Kakamega, na fundi asiyemjua yeyote kati yetu.

Basi nikaendesha. Ni zaidi ya kilomita 800, nikalala Nakuru, nikapitia Kericho na Kisumu, nikapanda ule mlima wa kwenda Chavakali mvua ikiwa imeshaanza. Walinipokea kama mulamwa anavyopokewa, kuku akachinjwa. Mtu wa Pwani hajisikii mgeni sana sehemu zile. Wafanyabiashara wa Kiswahili walifika kwa Nabongo Mumia katika karne ya 19, na Uislamu wa Mumias una mizizi ya zamani kuliko misikiti mingi ya bara. Shemeji yangu mwenyewe hutania kwamba babu zangu walikuja kuchukua pembe na mimi nimekuja kuchukua Noah.

Fundi alifanya kazi asubuhi nzima. Probox akaipa 540,000, akatoa 40,000 za kukata sakafu na kuchomelea bati jipya. Noah akaipa 800,000, akatoa 30,000 za shokomzoba na bushi za mbele. Tofauti ni 270,000. Nilikuwa na 150,000.

Usiku nikaingia jikoni kumsalimia dadangu vizuri, maana mchana kutwa tulikuwa gereji. Alikuwa anakuna nazi niliyomletea. Nikamwambia mambo yanaenda vizuri.

“Kaka,” akasema bila kuinua kichwa, “Noah ile mumechukua pesa wapi?”

Nikamwambia sisi tunabadilishana, yeye mumewe ndiye aliyenunua.

“Laki nne ni zangu. Nilikopa sacco. Nakatwa mshahara mpaka leo, bado miezi kumi na moja.”

Hakuna aliyemuuliza. Mumewe alidhani anajua kwa kuwa tulikuwa tunazungumza kwa simu sebuleni. Mimi nilikuwa nimeiuliza NTSA gari ni la nani, na sikumuuliza dadangu. Rekodi ilisema kweli kuhusu jina, lakini pesa za mke hazionekani kwenye logibuku, wala kwenye daftari la dhamana pale alipokopa kwa kukatwa mshahara. Katika dini mali ya mke ni yake, mume hana haki nayo ila kwa ridhaa yake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 nayo, kifungu cha 3, inamruhusu Mwislamu ahukumiwe kwa sheria ya Kiislamu katika mali hiyo, kwa hivyo asije mtu akadhani hili ni jambo la mimbarini tu. Na zile 270,000 tulikuwa tumeshazipangia, mimi na shemeji, kwamba atanunua ng'ombe wa maziwa.

Nilifikiria kurudi na gari langu. Wallahi nilifikiria. Mtu akisema ndiyo kwa sababu kakake ameendesha kilomita 800, ile si ridhaa.

Asubuhi nikamwomba shemeji tukae watatu. Hakufurahi mwanzoni, alisema ningemwambia yeye kwanza faragha, na labda ana haki. Dada akasema analotaka: hana shida na Probox, anajua mamake anahitaji Noah, lakini nyongeza iende kwenye mkopo wake moja kwa moja, na iandikwe kwamba katika Probox ana sehemu. Shemeji alinyamaza, akatoka kuangalia mvua barazani, akarudi akasema sawa. Ng'ombe atasubiri.

Tukaandika ukurasa mmoja. Namba za magari, za chasisi na za injini, aibu za kila gari kama fundi alivyozitaja, thamani, tofauti, 150,000 siku ile na 30,000 kila mwezi kwa miezi minne bila ziada yoyote, na sehemu ya dada. Mashahidi wawili kutoka msikitini kwao. Deni la muda kuandikwa na kushuhudiwa ni agizo la aya ya 282 ya Suratul Baqara, tunaisoma kila Ramadhani.

Na tukaweka khiyari ya siku tatu, ambao ndio mwisho wake katika madhehebu yetu. Siku tatu nikaendesha Noah huko huko Kakamega, yeye Probox, kila gari likiwa bado kwa jina na bima ya mwenyewe na kila mmoja akiwa na leseni. Yeyote angeweza kusema narudisha, bila kueleza sababu. Siku ya pili Noah ilikataa kuwaka asubuhi. Betri. Shemeji akanunua mpya, sikumwomba. Siku ya tatu baada ya Alasiri tukaketi na simu zetu, akaanzisha uhamisho wake nikakubali, nikaanzisha wangu akakubali, na kila mmoja akalipia bima ya gari alilolipata kabla ya kuligusa tena.

Mamangu ameshapanda mara nne. Analalamika kwamba mlango unavuma sana. Nimelipa 30,000 mara mbili, zinaingia sacco kwa namba ya uanachama ya dadangu, na kila nikituma nampigia yeye, si mumewe. Sakafu ya Probox bado haijachomelewa. Shemeji anasema mahindi hayajali.