Pua ya Mbwa si Hukumu



Mali ikipotea ghalani usiku, asubuhi huenda akaletwa mbwa wa polisi. Akisimama mbele ya mlango wa mwenzetu, watu husema, "Kesi imekwisha." Sisi twasema haijakwisha. Kwanza tujue mbwa yule amefunzwa kazi gani.

Mbwa wa kunusa wana ufundi mbalimbali, kama sisi tulivyo na fundi wa mitambo na fundi wa umeme.

Wa kwanza ni mbwa wa kufuata nyayo. Huanzia mahali mtu alipokanyaga, akaifuata harufu yake. Mvua kubwa, jua kali na miguu ya watu wengi humharibia kazi.

Wa pili ni mbwa wa baruti. Kampala haijasahau mabomu ya tarehe 11 Julai 2010, yaliyoua watu zaidi ya 70 huko Kyadondo na Kabalagala. Mbwa huyu akinusa baruti huketi kimya bila kukwaruza, maana bomu laweza kulipuka.

Wa tatu hutafuta madawa ya kulevya. Hafunzwi baruti pia, kwa sababu akiashiria mzigo, askari wake lazima ajue kama aufungue au awaondoe watu.

Wa nne hutafuta pembe za ndovu na magamba ya kakakuona. Hao walianza kazi katika uwanja wa ndege wa Entebbe mwaka 2016.

Wote hufunzwa kwa tuzo: akipata harufu, mara nyingi hupewa mpira acheze. Huo ndio mshahara wake. Mbwa hajui wizi wala sheria. Tena askari akiwa tayari anamshuku mtu fulani, mbwa aweza kufuata ishara za bwana wake badala ya pua.

Ndiyo maana mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema ushahidi wa mbwa upokewe kwa uangalifu mkubwa, na anayemwongoza aeleze mafunzo na uhodari wa mbwa wake. Mahakama za Uganda nazo zimeufuata msimamo huo.

Basi mbwa akisimama mlangoni mwa mwenzetu, tusimpige wala tusimwite mwizi. Tumwite mjumbe wa chama, naye aulize: Mahali pa wizi palilindwa? Zilipita saa ngapi? Mbwa alifunzwa kazi hiyo? Kuna ushahidi mwingine?

Mbwa amefanya kazi yake. Nasi tufanye yetu.